Nani aandikwe juu? Kisa cha ubao wa klabu ya kriketi Dodoma

Ubao ulikuwa umeshatengenezwa. Ni wa mninga, mrefu kama meza ya kulia chakula, na fundi wa Majengo alikuwa ameshapokea nusu ya fedha yake. Alichokuwa akisubiri ni orodha ya majina tu, ayachonge na kuyapaka rangi ya dhahabu. Kamati ya klabu ilibakiwa na jambo moja la kukubaliana: nani aandikwe mstari wa kwanza, chini ya kichwa kisemacho "Mikimbio mingi zaidi katika mechi moja", mikimbio ikiwa ndiyo alama za kriketi. Hapo shughuli ikakwama, na ikakwama karibu msimu mzima.

Nakiandika kisa hiki kirefu kwa sababu kitazikuta klabu nyingi, ziwe za kriketi, netiboli au riadha. Mimi niliitwa na katibu kwa kuwa naweza kusoma kitabu cha alama cha zamani, kazi isiyogombewa na watu. Klabu siitaji wala watu wake siwataji. Tarakimu za mechi za klabu nimezigeuza kidogo ili asinyooshewe mtu kidole, ila nimehakikisha hesabu zinafunga vilevile zilivyofunga kwenye kitabu.

Klabu yenye maisha mawili

Maisha ya kwanza yalikuwa ya Uhindini. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, na kando yake yakaota maduka, na nyuma ya maduka familia za Kihindi zilizopenda kriketi. Walicheza kwenye mkeka mgumu uliotandazwa juu ya ardhi iliyoshindiliwa, kwa sababu nyasi za kiwanja cha kriketi kwa mvua ya Dodoma ni ndoto. Likaja Azimio la Arusha mwaka 1967, kisha sheria ya mwaka 1971 iliyoyachukua majengo ya kupangisha kuwa mali ya serikali. Familia nyingi zikaondoka, nyingine Dar es Salaam, nyingine Uingereza na Kanada. Klabu ikafa bila hata kikao cha kuizika. Wachezaji walipungua mmoja mmoja mpaka siku moja hawakufika kumi na moja.

Maisha ya pili yalianza baada ya serikali kuhamia Dodoma, uamuzi uliotangazwa tangu 1973 na kutekelezwa kwa kasi kuanzia 2016. Watumishi waliotoka Dar es Salaam walikuja na magongo kwenye buti za magari. Wakaongezeka wanafunzi wa vyuo, vijana wa maduka ya Uhindini waliobaki, na wasichana wa sekondari waliofundishwa mchezo huu shuleni. Wanacheza kwenye kiwanja wanachogawana na watu wa mpira wa miguu: katikati kuna kipande cha saruji kinachotandikwa mkeka siku ya mechi, na Agosti upepo ukianza, mrushaji anayeelekea upande wa mashariki anakula vumbi ova nzima, yaani mipira yake sita mfululizo.

Je, hii ni klabu ileile? Katiba yao mpya inasema ndiyo. Mimi naona wana haki ya kusema hivyo, mradi wakubali kwamba ukirithi sifa za marehemu unarithi na madeni yake. Hapa deni lilikuwa kumbukumbu.

Madai matatu

Dai la kwanza lilikuwa la Mzee mmoja wa Uhindini, mwenye duka la vifaa vya ujenzi lililopo palepale hadi leo. Kwa miaka yote imesimuliwa kwamba kabla ya mwaka 1971 Mzee alipiga mikimbio 112 bila kutolewa dhidi ya wageni waliokuja kwa treni kutoka Morogoro.

La pili lilikuwa la mtumishi mmoja wa wizara, kijana mchangamfu na mpigaji mzuri kwelikweli: mikimbio 118 katika mechi ya ova 20, na kila mpira umehifadhiwa kwenye programu ya simu.

La tatu lilikuwa la mwanafunzi wa kidato cha nne. Yeye alipiga 104 bila kutolewa katika mechi ya wasichana ya ova 20. Kitabu cha alama kipo kizima, kimesainiwa na waandika alama wa pande zote mbili.

Kwa mtazamo wa haraka kazi imekwisha: 118, 112, 104. Lakini rasimu ambayo mwenyekiti alikuja nayo kwenye kikao cha kwanza ilianza na 112. Ile ya 118 ilikuwa chini yake, na kando yake pameandikwa "kirafiki". Ya 104 haikuwemo kabisa. Mjumbe mmoja, mama mtu mzima ambaye binti yake huchezea klabu, akanyoosha mkono: "Samahani Mwenyekiti, orodha hii ameipanga nani?" Hakupata jibu lililonyooka, na kikao kikaahirishwa.

Kila aliyekuwa ndani alijua jambo ambalo rasimu haikulisema. Fedha ya ubao ilitoka kwa watoto wa Mzee, mmoja wao akiwa Toronto. Siamini kwamba mtu alinunuliwa. Watoto walitoa fedha wakiwa na furaha ya kuona jina la baba yao, na mwenyekiti alikuwa na adabu ya mtu aliyepokea. Mkono mtupu haulambwi, na mkono uliojaa hulambwa hata usipoomba. Klabu ilipaswa kupanga orodha kwanza, ndipo itafute mfadhili wa ubao.

Kitabu kilicholiwa na mchwa

Kitabu cha alama cha enzi hizo kilipatikana stoo kwa Mzee, chini ya mifuko ya saruji. Jalada halipo, na mchwa walikuwa wameingia kwa upande wa kulia. Ukurasa wa mechi ya Morogoro ulikuwepo, na hapo ndipo nilipotumia muda wangu mwingi.

Kwa asiyejua, ukurasa wa kitabu cha alama una sehemu tatu. Juu kuna wapigaji, kila mmoja na mstari wake unaoonyesha mikimbio kwa jinsi alivyoipata. Katikati kuna idadi ya mikimbio ya timu kila wiketi ilipoanguka, yaani kila mpigaji alipotolewa. Chini kuna warushaji, na kila ova ina kisanduku chake chenye mipira sita. Uzuri wake ni kwamba mkimbio mmoja huandikwa zaidi ya mara moja, juu kwa aliyeupiga na chini kwa aliyeruhusu upigwe. Ukipoteza upande mmoja, upande wa pili unaweza kukuambia kilichopotea.

Mchwa walikula jumla ya mpigaji wa tatu na ya mpigaji wa nne, pamoja na alama zao karibu zote. Mpigaji wa nne ndiye Mzee. Wengine wanasomeka: wafunguzi wawili, yaani walioanza kupiga, 14 na 22, wa tano 9, wa sita 33, wa saba 6 bila kutolewa. Ziada, mikimbio ya timu isiyotoka kwenye gongo la mtu, nazo zinasomeka: bai (mpira haukuguswa, wakakimbia) 7, legi bai (uligonga mwili) 4, waidi (ulirushwa mbali na mpigaji) 3 na noboli (ulirushwa kinyume cha kanuni) 2, jumla 16. Timu ilimaliza na 205 kwa wiketi 5.

Hesabu ya kwanza ni ya darasa la nne. Wanaosomeka wana 84 kwa pamoja. Ongeza ziada 16, unapata 100. Toa kwenye 205, zinabaki 105, na hizo ni za watu wawili. Kwa hiyo 112 ikafa mapema, maana mtu mmoja hawezi kupiga zaidi ya alichopiga yeye na mwenzake.

Taarifa hiyo ilipofika kwenye kamati, mhazini akaipinga, tena kwa hoja ya kitaalamu. Yeye ni mhasibu, na alijumlisha safu ya warushaji. Kwa desturi ya leo, waidi na noboli hukatwa kwa mrushaji, yaani huongezwa kwenye mikimbio aliyoruhusu. Bai na legi bai hazimhusu. Basi warushaji wa Morogoro walipaswa kuwa wametoa 205 ukitoa 11, yaani 194. Yeye alipata 189. Mikimbio mitano haionekani! Kijana wa Toronto, aliyekuwa anasikiliza kwa simu, akaingilia: kama kitabu kimepoteza mitano, kwa nini kisiwe kimepoteza kumi na mitano? Hoja ina mvuto, na wajumbe wengi wakaanza kutikisa vichwa kukubali.

Kasoro ya hoja hiyo ni kwamba ilikisoma kitabu cha zamani kwa kanuni ya leo. Desturi ya kumkata mrushaji waidi na noboli iliingia miaka ya 1980. Kabla ya hapo ziada zote, za aina zote nne, hazikumgusa katika takwimu zake. Kwa hiyo warushaji wa Morogoro walitakiwa kuwa na 205 ukitoa 16, yaani 189, ambayo ndiyo aliyoipata mhazini. Ile mitano "iliyopotea" ni waidi tatu na noboli mbili. Kitabu kilikuwa sahihi mpaka mkimbio wa mwisho, na aliyekiandika, yeyote aliyekuwa, alistahili jina lake kwenye ubao kuliko baadhi ya wapigaji.

Hapo swali likageuka. 112 hakuna, lakini je, mia ipo? Kwenye mstari wa mpigaji wa tatu mchwa walibakiza alama mbili: 4, kisha 1. Ana angalau mitano. Ukiitoa kwenye 105, Mzee hawezi kuzidi 100. Na atakuwa na 100 kamili ikiwa tu mwenzake hakupata kingine chochote.

Njia pekee iliyobaki ilikuwa kuitembea mechi upya, mpira kwa mpira, kwa kutumia visanduku vya warushaji. Wapigaji uwanjani huwa wawili, mmoja kila ncha, na unajua nani alianza kupokea. Akipata mkimbio mmoja au mitatu, wapigaji wanabadilishana ncha. Akipata miwili au minne, anabaki. Ova ikiisha, upande unageuka. Ukifuata bila kuruka, kila mkimbio unapata mwenyewe. Sikuhitaji kuitembea mechi nzima. Mpigaji wa tatu aliingia timu ikiwa na 19 na kutoka ikiwa na 58, kwa hiyo nikiijua sehemu hiyo, yaliyobaki ni kutoa.

Ugumu uko kwenye bai. Ndani ya kisanduku cha mrushaji bai huonekana kama nukta, mpira usiozaa kitu, kumbe wapigaji wamekimbia na kubadilishana ncha. Katika mikimbio 58 ya kwanza kulikuwa na ziada nne, na kitabu hakikuonyesha zote ziliangukia mpira upi. Ilibidi kujaribu kila mahali zinapoweza kukaa. Mpangilio mmoja ulimpa mfunguzi wa kwanza 17, na kitabu kinasema 14, ukatupwa. Mwingine ulimpa mpigaji wa tatu moja kabla ya nne, wakati kitabu kinaonyesha nne kabla ya moja, nao ukatupwa. Ulibaki mmoja uliokubali kila kinachosomeka: mfunguzi wa kwanza 14, wa pili 22, na mpigaji wa tatu miwili kabla ya wiketi ya pili kuanguka kwenye 41, halafu minne, halafu mmoja, kisha akatolewa. Jumla yake 7.

105 ukitoa 7 ni 98.

Nilimpelekea Mzee karatasi kabla ya kuipeleka kwa kamati. Nadhani huo ni wajibu ambao klabu husahau: mtu asisikie kwenye kikao kwamba sifa yake ya miaka hamsini imepunguzwa. Baada ya salamu nilimweleza, akavaa miwani, akaufuata ukurasa kwa kidole. Akasema ubao wa alama uwanjani ulikuwa wa bati, ulionyesha jumla ya timu na wiketi tu. Mikimbio ya mtu binafsi watu walihesabu kichwani, wakapiga makofi walipoona imetosha. Nikamuuliza kwa nini basi walisimama kwenye 205 naye bado yuko ndani. "Wale wa Morogoro walikuwa na treni," alijibu. Nahodha alifunga zamu ya kupiga ili muda utoshe kuwatoa wageni kabla ya safari yao. Nahodha hakujua mtu wake yuko kwenye 98. Aliyejua ni mwandika alama, na hakuna aliyemuuliza.

Kisa hicho kwangu ni kitamu kuliko mia yoyote, na nilimwambia hivyo.

Kuhusu 112 ilikotoka nina dhana tu. Mfunguzi wa kwanza, mwenye 14, alikuwa kaka yake Mzee. Kumi na nne na tisini na nane ni 112. Huenda ilikuwa hesabu ya familia, ndugu wawili kwa pamoja, na kaka alipofariki yote ikamwangukia aliyebaki. Mzee aliposikia alicheka. "Kaka alikuwa anataka nusu ya kila kitu," akasema, na hakuikubali wala kuikataa dhana yangu.

Hebu tulinganishe na jambo la miaka michache tu baadaye. Juni 1975 timu ya Afrika Mashariki, mchanganyiko wa wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ilikwenda Uingereza kwenye Kombe la Dunia la kwanza la kriketi la wanaume. Walifungwa mechi zote tatu, na vibaya. New Zealand walipiga 309 kwa wiketi 5, Glenn Turner peke yake 171 bila kutolewa, na Afrika Mashariki wakajibu kwa 128 kwa wiketi 8 katika ova zote 60. Lakini kila mkimbio wa kipigo hicho unajulikana mpaka leo, hata ile 45 ya Frasat Ali iliyokuwa jitihada kubwa ya siku hiyo. Ushindi wa Dodoma dhidi ya Morogoro ulibaki chini ya saruji.

Mia na kumi na nane ya simu

Dai la mtumishi halikuchukua muda. Programu ya simu ilikuwa na kila kitu, pamoja na mambo ambayo mwenyewe hakuyataja. Wapinzani walikuwa wanane. Mpira ulikuwa wa tenisi uliozungushiwa utepe, si mpira mgumu wa ngozi. Mpaka wa upande mmoja uliwekwa kwenye mstari wa kiwanja cha mpira wa miguu, karibu mno, wakati kanuni za kimataifa za wanaume zinataka usipungue mita 59 na ushee kutoka katikati. Mechi yenyewe ilikuwa ya bonanza la sikukuu.

Alipiga vizuri? Sana, na nimeona video. Lakini kumbukumbu kamili ya mechi isiyohesabika haiifanyi ihesabike, na huu ndio mtego wa simu hizi. Kitabu kilicholiwa na mchwa kinatia shaka kwa macho tu. Skrini yenye grafu za rangi inaaminika kabla haijasomwa.

Mia na nne ya binti

Hapa maneno yalikuwa makali, na hapa kamati ilinisikitisha zaidi. Hakuna aliyebisha kwamba alipiga 104. Hoja zilikuwa mbili: ni mechi ya wasichana, na wapinzani walikuwa dhaifu, shule iliyokuwa imeanza kriketi muhula uleule.

Hoja ya udhaifu ndiyo inayofaa kujibiwa kwanza, kwa kuwa inasikika kama ya haki. Baraza la Kriketi la Kimataifa liliamua kwamba kuanzia Julai 2018 kila mechi ya ova 20 kati ya timu za taifa za wanawake za nchi wanachama itakuwa na hadhi kamili ya kimataifa, na za wanaume zikafuata Januari 2019. Juni 2019 mashindano ya Kwibuka yakachezwa Kigali, na Mali wakaenda na timu changa sana. Rwanda waliwatoa wote kwa mikimbio 6. Uganda waliwapiga 314 kwa wiketi 2. Sisi Tanzania tulipiga 285 kwa wiketi 1, na Fatuma Kibasu akapata 108 bila kutolewa. Dunia iliguna, wengine wakasema rekodi zimechafuliwa. Lakini 108 ya Kibasu imo kwenye vitabu na itabaki humo, kwa sababu mlango ulikuwa umefunguliwa kabla hajashika gongo. Na ambaye bado alidhani ilikuwa bahati ya wapinzani dhaifu, mwaka 2021 Kibasu alipiga 127 bila kutolewa dhidi ya Eswatini.

Ukianza kupima nguvu za wapinzani baada ya mechi hutamaliza. Wale wa Morogoro walikuwa wazuri? Nani anajua? Huenda nusu yao walikuja kwa ajili ya safari ya treni.

Hoja ya usichana ilijibiwa na Madamu, mwalimu anayewafundisha, kwa swali moja. Je, ada ya uanachama ya wasichana inaingia akaunti ya klabu au akaunti nyingine? Inaingia ya klabu. Basi. Mwenyekiti akapendekeza ubao wa pili, mdogo, wa wasichana, utundikwe ukuta wa upande wa vyoo. Sitaeleza Madamu alijibu nini. Ila pendekezo halikuingia kwenye muhtasari wa kikao.

Kura isiyo na majina

Mpaka hapo kila mjumbe alikuwa na kanuni yake ya mechi inayohesabika, na kanuni ya kila mmoja ilimpa ushindi mtu wake. Pendekezo la kutoka kwenye mkwamo lilitoka kwa Madamu huyohuyo. Andikeni kila mechi kwenye karatasi yake, alisema, bila jina la mtu na bila mikimbio: mpira wa aina gani, ova ngapi, wachezaji wangapi kila upande, nani aliandika alama, kumbukumbu ipo kwa kiasi gani. Kisha tupige kura, karatasi kwa karatasi, inahesabika au haihesabiki.

Haikuwa kura safi. Karatasi yenye "mpira wa tenisi, wapinzani wanane" kila mtu aliijua, na ile yenye "kitabu kimeliwa" haikuhitaji saini. Lakini kwa mechi nyingine zote, na zilikuwa nyingi kwa sababu ubao una orodha zaidi ya moja, wajumbe walijikuta wanapiga kura bila kujua wanamnufaisha nani, na kanuni ikaanza kujitokeza yenyewe. Mpira mgumu. Ova 20 kwenda juu. Wachezaji wasiopungua kumi kila upande wakati wa kurusha sarafu. Kitabu cha alama, au kumbukumbu ya simu iliyothibitishwa na timu pinzani. Hakuna aliyeandika neno wanaume wala wanawake.

Kwa kanuni hiyo, 118 ikatoka. 98 ya Mzee ikaingia, ikiwa na alama ya nyota kuonyesha kwamba imekokotolewa kutoka kitabu kisicho kamili. 104 ya binti ikakaa juu, mstari wa kwanza.

Manung'uniko hayakukosekana. Mtumishi alisema kanuni imetungwa baada ya tukio, naye ana haki kwa sehemu: Baraza la Kimataifa lilitangaza kanuni kwanza, watu wakacheza baadaye, hawa walicheza kwanza. Klabu inayofufuka haina namna nyingine ya kuanza, ila ingeweza kukiri hivyo kwenye muhtasari, na haikufanya hivyo. Nilishauri pia waweke daraja la tatu la kumbukumbu, yaani ushuhuda wa mdomo, kwenye daftari la historia badala ya ubao, ili masimulizi ya wazee yasitupwe kwa sababu tu hayana karatasi. Walikubali daftari, na mpaka naandika hakuna aliyeteuliwa kulishika.

Familia ya Mzee ilimalizia fedha ya fundi bila masharti. Kijana wa Toronto aliomba jambo moja, kwamba chini ya 98 yaongezwe maneno "nahodha alifunga zamu". Fundi akasema nafasi ipo. Nilipinga kidogo, kwa kuwa ubao si mahali pa visa, kisha nikaacha. Ni kweli, na inaeleza kwa nini nambari iko pale ilipo.

Wapo wanaoona haya yote ni makuu kwa ajili ya mbao na rangi. Siwaungi mkono. Mwaka 2025 vijana wetu wa chini ya miaka 19 walifuzu kwa mara ya kwanza Kombe la Dunia la rika lao, lile la 2026 la Zimbabwe na Namibia. Mtoto wa Dodoma anayetaka kuonekana na wachaguzi walioko Dar es Salaam hana kingine cha kutuma zaidi ya takwimu zake, na takwimu zinazotoka kwenye klabu inayoandika 112 mahali pa 98 hazitasomwa mara ya pili.

Kilichobaki ni upande wa warushaji, na nimewaomba wasiuguse kwanza. Warushaji wa enzi ya Mzee hawakukatwa waidi wala noboli. Wa leo wanakatwa. Ukiwaweka kwenye orodha moja bila kurekebisha, wa zamani watapendelewa kila mara. Marekebisho yanawezekana pale tu kitabu kinapoonyesha waidi ilirushwa na nani, na kwenye baadhi ya kurasa inaonekana, nyingine mchwa waliwahi. Mhazini amejitolea kuzipitia. Ameshanipigia simu mara moja kuniuliza kama noboli iliyopigwa mikimbio minne enzi hizo ilihesabiwa minne au mitano. Ilikuwa minne, nilimwambia, na yote ya mpigaji. Ule mmoja wa adhabu uliandikwa pale tu ambapo hakuna mkimbio mwingine uliopatikana.